Nyanya za Haki za Tunguleni

Namna nilivyofika Tunguleni haina utamu wa kusimulia. Nilipotea njia, nikaona aibu kurudi nyuma, nikaendelea mbele kwa ukaidi, na ukaidi ukanifikisha. Ninachotaka kueleza ni yale niliyoyakuta huko, na nitayaeleza bila kutia chumvi, ingawa chumvi ndicho kiungo pekee kilichokuwa hakijaadimika katika nchi ile.

Mimi mwenyewe nimeuza nyanya kwetu miaka mingi. Nimewahi kununua matenga shambani kwa bei ya mahari, nikayauza mjini kwa bei ya maji ya kunawa. Nimelala na mzigo wa nyanya, nikaamka na mzigo wa supu. Mtu aliyechapwa na nyanya kiasi hicho hashtuki ovyo, na wale waliosema baadaye kwamba nilikuwa naota wajue kwamba katika ndoto zangu nyanya huwa zinauzika.

Niliingia wakati wa masika. Mvua ilikuwa inanyesha kama mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo. Juu ya geti la mji waliandika kwenye jiwe, kwa herufi za kuchongwa: FUNGU LA NYANYA NI SHILINGI MOJA, LEO NA DAIMA. Nikafurahi. Kwetu, bei ya asubuhi na bei ya jioni ni watu wasiojuana. Chini ya jiwe lile alikaa mchuuzi na meza yake, na juu ya meza kulikuwa na fungu moja. Nilipoinama kulitazama vizuri niliona ni nusu ya nyanya, imekatwa kwa kisu, imelazwa kifudifudi kwa heshima.

"Hili ndilo fungu?" nikamuuliza.

"Ndilo lenyewe."

"La shilingi moja?"

"Soma jiwe, bwana. Huku bei haipandi."

"Lakini hii ni nusu nyanya."

"Bei haijapanda," akanijibu kwa upole wa mtu aliyejibu swali hilo tangu alfajiri. "Fungu ndilo limekonda."

Kabla sijaamua kama nicheke, mlinzi wa geti alinishika mkono. Hakuniuliza jina wala nitokako. Aliniuliza, "Umeshakula nyanya ya nchi hii?" Nikamwambia bado, na kwa ukondefu ule wa fungu sidhani kama nitakula. Uso wake ukachanua. Alinipeleka mbio mbio, matope hadi magotini, mpaka kwenye jumba kubwa lenye kibao: IDARA YA MSHANGAO.

Idara hiyo iliongozwa na Kamishna Bi Sikudhani, mama mnene, mkarimu, ambaye nyusi zake zilikuwa zimepanda juu kwa miaka ya utumishi na hazikushuka tena hata akisinzia. Alinikaribisha chai, akanieleza kazi yake. Kila mwaka mvua zikija, nyanya huoza mashambani kwa ugonjwa wa baka jani, barabara hukatika, na mafungu sokoni huanza kukonda. Hapo kamishna hutoka barazani, hutazama soko, na hushangaa kwa niaba ya taifa.

"Masika huku huanza lini?" nikamuuliza.

"Baada ya kiangazi."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Na nyanya huoza kila masika?"

"Huoza, baba, huoza vibaya sana."

"Sasa mama, mnashangaa nini?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa viatu kushoto kulia. "Mkubwa asiposhangaa," akasema, "wananchi watadhani alijua. Na aliyejua huulizwa alifanya nini."

Akanisimulia habari ya kamishna aliyemtangulia. Yule bwana alisimama wakati wa kiangazi, watu wakiwa katika wingi, akasema kwamba masika yanakuja. Alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Maana Tunguleni wana sheria ya pili inayofanana na ya kwanza: wakati wa wingi ni marufuku kutaja uhaba. Nyanya hujaa nchi nzima, humwagwa barabarani, mbuzi huzipita wakigeuza shingo. Mwaka mmoja mtu alikata nyanya zake akazianika kwenye mkeka juani ili zikauke, akatozwa faini kwa kosa la kuitabiri njaa. Mkeka wake bado upo makumbusho.

Nikauliza mimi nahusikaje na hayo yote. Bi Sikudhani akaniongeza chai.

"Wewe ni mtetezi," akasema.

Na hapa naomba msomaji anifuate taratibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilielezwa mara mbili.

Tunguleni hawaamini kwamba uhaba huja wenyewe. Wanaamini kila uhaba una mwenyewe. Kwa hiyo kila masika, nyanya zinapofikia nusu kwa fungu, maofisa wa Mshangao huzunguka soko zima, genge kwa genge, na yule watakayemkuta bado ana nyanya juu ya meza yake huyo ndiye aliyezificha. Hoja yao ni kwamba wengine wote hawana, na yeye anazo. Kama hakuzificha, zimetoka wapi? Mtu huyo hushtakiwa. Mtetezi wake sharti awe mtu ambaye hajala nyanya ya Tunguleni, kwa kuwa kila aliyekula ana upande. Na kwa kuwa hakuna mtu wa namna hiyo nchini, humngoja mgeni apotee njia.

"Asipopotea mtu?"

"Hupotea," akasema Bi Sikudhani. "Barabara zetu umeziona."

Mwaka huo mshtakiwa alikuwa Bi Kidawa, muuza genge wa karibu na kisima. Nilipelekwa kumwona katika banda nyuma ya mahakama. Nilitarajia kumkuta analia. Nilimkuta amekaa juu ya tenga tupu, anasuka ukili, na alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye matope.

"Wewe ndiye mtetezi wangu?"

"Ndiye, dada."

"Umewahi kushinda kesi?"

"Sijawahi hata kuwa nayo."

"Basi tuko sawa. Kaa."

Akanieleza bila kupamba. Genge lile aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na mama yake. Wenzake sokoni ni watu wenye akili: zikibaki chache wanazifunika kwa gunia na kusema zimeisha, halafu wanauza uani kwa wanaowajua. Yeye siku ile alikuwa na fungu la mwisho, la mteja wake mmoja mjamzito aliyesema atapita jioni, maana mimba ile ilikuwa haitaki kitu kingine. Akaliweka mezani. Maofisa wakafika kabla ya mteja.

"Mezani, peupe?" nikauliza.

"Ulitaka nimfiche mteja nyanya yake?"

"Ukipatikana na hatia?"

Aliuweka ukili chini. "Watanipandisha jukwaani, kila nyumba irushe nyanya yake. Hilo si kitu, nyanya haivunji mfupa. Halafu watalivunja genge, na nitakatazwa kuuza chochote kinachoota kwenye udongo mpaka nife. Sasa nitauza nini, kaka yangu? Misumari?"

Mtu aliyewahi kuliona genge lake mwenyewe likibomolewa na mgambo anajua kwamba ile si mbao tu.

"Na mtetezi anaposhindwa?" nikauliza, maana nami nina mwili.

"Mtetezi husimama pembeni yangu. Sheria haisemi arushiwe." Akauokota ukili wake. "Ila si kila mtu Tunguleni ana shabaha."

Nililala kwa Bi Sikudhani siku zote za kesi. Chakula chake kilikuwa wali na mchuzi ambao ulijua jina la nyanya kwa kusikia tu. Katika pembe ya jiko niliona chungu kikubwa kimefukiwa majivu hadi shingoni, na juu yake kifuniko. Nilipokaribia kukifunua, alinizuia.

"Hicho usikiguse, baba."

"Kuna nini?"

"Haki."

Nikadhani ni mambo ya mizimu ya ukoo, nikaondoa mkono. Mgeni hafunui vyungu vya watu.

Kesi yenyewe ilisikilizwa katika jengo ambalo paa lake lilikuwa limekwisha kukata tamaa. Hakimu Makame alikaa katikati, mzee mwembamba mwenye mwavuli. Mshtaki alikuwa Bwana Chanzo, kijana nadhifu, sauti nzito, anayezungumza kama mtu anayegonga msumari ambao tayari umezama. Mbele yake mezani waliweka kielelezo: lile fungu la mwisho la Bi Kidawa, ambalo wakati huo lilishaanza kutoa maoni yake puani.

"Kabla ya mshtakiwa," akaanza Bwana Chanzo, "kulikuwa na nyanya?"

"Kulikuwa nazo," watu wakaitikia.

"Sasa zipo?"

"Hazipo."

"Nimemaliza," akasema, akaketi.

Nikasimama. Nilisema kwamba kuna mshukiwa mwingine ambaye hajaitwa, naye ni mvua. Mvua ndiyo iliyoozesha mashamba, mvua ndiyo iliyokata barabara, na mashahidi wapo, ni kila mtu mwenye miguu.

Bwana Chanzo alitabasamu. Alikuwa ameingoja hoja hiyo. "Mheshimiwa, mtu hawezi kushtakiwa asipokuwepo mahakamani."

"Ipo," nikasema. "Inakuvujia kichwani."

Watu wakacheka. Hakimu Makame alitazama juu, akauinamisha mwavuli kando aone vizuri. Kisha akamwagiza karani aite. Karani akatoka mlangoni, akaita, "Mvua, Mvua, Mvua." Ikazidi kunyesha.

"Ipo," akaamua Hakimu, "lakini haikuitika jina lake. Tuendelee na Kidawa."

Nikamwita Bi Sikudhani atoe ushahidi wa kitaalamu. Alisimama kizimbani na nyusi zake.

"Mwaka huu Idara ilionaje?"

"Ilishangaa."

"Na mwaka jana?"

"Ilishangaa."

"Mwaka juzi?"

Akasema kwa uaminifu, "Mwaka juzi tulipigwa na butwaa. Bajeti ilikuwa nzuri."

"Na kila mwaka mnapomtia mtu hatiani, uhaba huisha?"

"Huisha," akasema kwa fahari. "Haufiki hata mwezi. Tunahukumu, tunarusha, na baada ya muda mfupi mvua inakatika na nyanya zinarudi sokoni. Haijawahi kushindwa hata mara moja."

Nilimtazama Bi Kidawa. Alinitazama kwa jicho la mtu anayemwona mtetezi wake akichimba shimo na anajua nani atalala humo. Nikakaa. Wasomi wa nchi ile walinieleza baadaye kwamba swali langu la mwisho ndilo lililoutia upande wa mashtaka nguvu.

Jioni ile, tukiwa tunameza mchuzi wetu wa kujifariji, Bi Sikudhani alinieleza kilichobaki. Kesho yake ndiyo hukumu. Hukumu husomwa uwanjani, mbele ya nyumba zote. Kabla ya kuisoma, Hakimu huwauliza wananchi mara tatu kama uhaba upo, nao huitikia mara tatu kwamba upo. Ni desturi tu, kwa sababu kesi ya uhaba haiwezi kuhukumiwa mahali pasipo na uhaba.

"Wasipoitika?"

"Haijatokea." Akajipakulia wali. "Nani atakuwa na sababu ya kunyamaza?"

Kulipokucha, mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu. Nilipandishwa jukwaani pamoja na Bi Kidawa. Jukwaa lilikuwa matenga yaliyopangwa, na mbele yake iliwekwa meza ya mshtaki. Mji wote ukaanza kuingia uwanjani. Wakaja na vikapu, na masinia, na vitenge vilivyofungwa mafundo, na vyungu vyenye majivu. Wakavifungua.

Nimekaa masokoni tangu ndevu hazijaota, na sijapata kuona nyanya nyingi kiasi kile mahali pamoja. Zilikuwa nyekundu, ngumu, zimepakwa majivu mepesi kama watoto waliotoka kucheza. Hazikuwa masalo, zile zilizobonyea ambazo mtu anaweza kukubali kuzitupa. Zilikuwa nyanya za daraja la kwanza. Bwana Chanzo mwenyewe alikuja na tenga zima, likabebwa na watu wawili, akaliweka juu ya meza yake ya kazi, kielelezo cha uadilifu kwa vijana.

"Ukiona inakuja, inama," Bi Kidawa akaninong'oneza. "Usifumbe macho, ukifumba ndipo inakupata."

"Bi Kidawa, hizi zote zimetoka wapi?"

"Majumbani. Ni nyanya za haki."

"Zimekaa majumbani tangu lini?"

"Tangu mafungu yalipoanza kukonda. Kila nyumba huweka. Ukija mikono mitupu siku ya hukumu watu watakusema."

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba, na wenye uwezo huweka za ziada, kama yule..." Akaishia hapo. Alikuwa anaangalia uwanja, kutoka upande huu mpaka upande ule, kama mtu aliyepita mlango huo huo kila siku na leo ndipo anaona una rangi.

Hakimu Makame akasimama na mwavuli wake. "Wananchi wa Tunguleni. Uhaba upo?"

"Upo," wakaitikia, nyanya mikononi.

Laiti ningekuwa msomi ningetoa hotuba. Lakini siku zile zote nilikuwa nimekula wali na mchuzi wa maji, na harufu ile ya nyanya ilipanda mpaka jukwaani. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mtetezi ana njaa. Kuna sheria inayomkataza kununua nyanya kabla ya hukumu?"

Hakimu alishauriana na karani. Ilionekana uwanja ule zamani ulikuwa soko, na hakuna aliyekumbuka kuufuta. "Hakuna," akasema. "Fanya haraka."

Nikashuka. Mbele kabisa alisimama mama kijana na mtoto mchanga mgongoni, ameshika nyanya moja kwa mkono wa kulia.

"Dada, hiyo unaniuzia?"

"Hii ni ya kurusha."

"Utamkosa. Umeishika kama unakanda unga."

Akacheka kidogo, akamrekebisha mtoto. "Unatoa ngapi?"

"Shilingi moja."

"Shilingi moja ni nusu. Nikate?"

"Nzima kwa shilingi moja."

"Una kichaa, kaka. Nyanya hazipo."

"Geuka nyuma," nikamwambia, "halafu uniambie tena hivyo hivyo."

Akageuka. Alipogeuka tena kwangu sura yake haikuwa ya mtu anayetaka kurusha. Alikuwa anapiga hesabu.

"Chukua," akasema haraka. "Nzima, shilingi."

Mwanamume aliyekuwa pembeni yake, mwenye sinia, alikuwa amesikia. "Mgeni, kwa shilingi hiyo mimi nakupa mbili."

"Mbili na nyongeza," akadakia mwingine nyuma yake.

Naijua hofu ile. Nimeila miaka mingi. Si hofu ya kukosa nyanya. Ni ile ya kubaki nazo wakati jirani ameshauza. Hukimbia kuliko moto. Ilipita katika uwanja ule kutoka kikapu hadi kikapu, na kila ilipopita mtu aliacha kutazama jukwaa akatazama mkono wa mwenzake.

"Uhaba upo?" Hakimu akauliza mara ya pili.

"Upo," wakaitikia wa nyuma kabisa, ambao habari ilikuwa haijawafikia. Wa katikati walikuwa wameshaanza kubishana.

"Tatu kwa shilingi, chagua mwenyewe."

"Hizi zina majivu."

"Majivu unaosha, mama. Au unapika na sabuni?"

"Nipe nne nikuletee wateja wengine."

"Wewe si jana uliniambia nyumbani kwako hakuna hata mbegu?"

"Jana hukuuliza bei."

Bwana Chanzo alisimama juu ya kiti, akainua mikono. "Wananchi, msiuze. Hii ni haki yenu."

"Na haki yako wewe unauza ngapi kwa fungu?" akamuuliza bibi mmoja mwenye kapu tupu, bila kejeli, kwa nia safi kabisa ya kununua.

Fungu likanenepa mbele ya macho yangu mpaka likafika tano, na mtu mmoja akawa anaongeza na pilipili. Ndipo Hakimu Makame alipofunga mwavuli wake, kwa kuwa manyunyu yalikuwa yamekoma, akauliza mara ya tatu.

"Uhaba upo?"

Nilimtazama Bi Kidawa. Alikuwa amesimama peke yake juu ya matenga, mikono ameishika tumboni, na midomo yake ilikuwa inasoma kitu. Uwanja mzima uliendelea kuzungumza, lakini hakuna aliyemwitikia Hakimu. Sauti moja kutoka upande wa kushoto ilisema, "Ngoja kwanza, Mheshimiwa, namalizana na huyu."

Bwana Chanzo akafungua kinywa. Alikuwa na haki ya kuitika. Sauti moja inatosha, sheria haidai umati. Nilimwona akivuta pumzi ya neno lile.

"Bwana Chanzo," akasema Bi Kidawa kutoka juu, kwa sauti ya kawaida, sauti ya muuza genge anayemkumbusha mteja mwavuli wake. "Una nyanya mezani."

Bwana Chanzo akatazama chini. Tenga lilikuwa pale, limejaa, juu ya meza, peupe. Hakuna nyanya hata moja iliyotoka. Nilimwona akiisoma sheria yao kichwani, mwanzo mpaka mwisho: uhaba ukiwepo, mwenye nyanya juu ya meza yake ni nani? Akafunga kinywa. Akameza lile neno pamoja na mate yake, na kwa jinsi koo lilivyopanda na kushuka, lilikuwa kubwa.

Hakimu Makame alingoja muda wa kutosha, kisha kidogo zaidi kwa ajili ya heshima. "Kesi ya uhaba haina uhaba," akasema. "Imekufa. Karani, mrudishie mama kielelezo chake."

Bi Kidawa hakupiga kelele wala kigelegele. Alikaa palepale juu ya matenga, akavuta ncha ya mtandio akafuta uso, na nilipofika karibu nikaona anacheka na kulia, bila kujua aanze na kipi. Karani akamletea fungu lake katika gazeti. Alilinusa, akageuza uso kando, akasema, "Hili sasa hata mjamzito hawezi."

"Sina mimba tena, shangazi," akasema yule mama kijana mwenye mtoto mgongoni, ambaye alikuwa amekuja hadi chini ya jukwaa. "Nilijifungua Ijumaa iliyopita."

Bi Kidawa akamtazama. Kisha akatazama majivu kwenye mkono wake wa kulia. "Wewe ndiye niliyekuwekea nyanya."

"Ndiye."

"Na ulikuja kunirushia."

"Ningekukosa, shangazi. Makusudi kabisa." Akainamisha kichwa. "Muulize huyu kaka, ameona nilivyoishika."

Nilithibitisha kwamba niliona. Ulikuwa ushahidi wangu pekee uliokubaliwa na pande zote.

Jua likatoka alasiri. Bwana Chanzo alingoja bei irudi, ikamkimbia, na jioni alikuwa amekaa peke yake uwanjani na tenga lake kama mtu aliyeachwa na gari. Bi Kidawa alimpita akielekea kisimani kulifungua genge. Akasimama.

"Lilete kwangu," akamwambia. "Usiku zitaanza kubonyea. Nitakutafutia wateja."

"Kwa ngapi?"

"Kwa bei ya kwenye jiwe," akasema Bi Kidawa. "Huku si haibadiliki?"

Yule kijana alilibeba mwenyewe begani.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga Bi Sikudhani. Nilimkuta na kazi nyingi, anaandaa mkutano wa dharura wa Idara, kwa kuwa wingi ulikuwa umewashtua. Alinishukuru sana. Alisema kesi ya mwaka ule ilifanya kazi kuliko za miaka yote: kwa kawaida uhaba huisha baada ya hukumu, safari hii uliisha kabla. Nilimwambia kwa adabu zote, mama, nyanya zilikuwemo vyunguni. Mwakani kila nyumba isipofukia za kurusha, huenda kusiwe na haja ya kumrushia mtu.

Bi Sikudhani alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mama msikivu. Kisha akanishika bega.

"Baba," akasema, "tusipoweka, aliyezificha tutamrushia nini?"

Nikakubali chai ya mwisho.

Usiku ule nilikula kwa Bi Kidawa. Genge lilikuwa limesimama, mbao zake zote, taa ya chemli ikining'inia penye ndoano ya mama yake. Alikuwa amechukua chungu kimoja cha haki kilichoachwa uwanjani, akakung'uta majivu, akakiosha, akakiteleka jikoni. Alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya asali, akakata nyanya bila kuhesabu, na ile sauti ya nyanya zinapoingia kwenye mafuta ya moto ilinifanya nifumbe macho ingawa nilikuwa nimeonywa nisifumbe. Alinipakulia mara tatu. Mara ya tatu hakuniuliza, na mimi sikuwa mjinga wa kukataa.

Niliporudi kwetu, masika yalikuwa yamefika kwetu pia. Mke wangu alinipokea mlangoni, akatazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu, kisha akatazama tena mikono.

"Umetoka wapi siku zote hizi?"

"Tunguleni. Nchi ya nyanya. Nilipoondoka tano kwa shilingi, na pilipili juu."

"Huku fungu ni nyanya mbili, tena za kubonyea. Na wewe, mfanyabiashara mzima wa nyanya, umetoka huko mikono mitupu?"

Nilitafuta jibu, nikalikumbuka moja. Nikapandisha nyusi juu kadiri zilivyoweza kwenda.

"Mke wangu," nikasema, "hata mimi nimeshangaa."

Alinitazama, midomo akiibana isicheke.

"Una bahati nyanya zimepanda bei," akasema, akanipisha niingie. "Zingekuwa rahisi, ningekurushia moja."